Masinia ya Mama kwenye Magurudumu

Siku ya kuanua matanga ya baba, akina mama wa jumuiya walipungukiwa vyombo. Wakaingia chumbani kwake bila kuniuliza, wakatoka na masinia manne ya aluminiamu yaliyokuwa yametundikwa ukutani. Wakayasuuza, wakapakua ndizi na maharage na nyama, wakawapelekea wageni waliokaa uani. Haukupita muda nikasikia mzee mmoja analalamika kwamba suruali yake imelowa mchuzi. Kumbe sinia linavuja. La pili nalo linavuja. Yote manne yanavuja, tena pembeni, matundu yamepangika vizuri kabisa. Wanawake wakaanza kucheka, kile kicheko cha matangani ambacho watu hukitafuta wakishachoka kulia, na mmoja akauliza ni mwendawazimu gani aliyekaa akatoboa masinia mazima.

Mimi nilimjua huyo mwendawazimu. Tulikuwa tumemzika wiki ile. Nilichukua sinia moja nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikalinusa. Lilinukia maharage tu, ningetegemea nini tena? Lakini pua yangu ilishang'ang'ania kwamba chini ya maharage kuna petroli, na harufu ya petroli mimi hunirudisha darasa la tatu, kwenye kiangazi kile ambacho nyumba yetu ya Murukulazo ilikuwa na watu wawili na kimya kingi.

Baba alikuwa dereva wa mchomoko, kama watu wa kwetu wanavyoviita vigari vidogo vya abiria. Chake kilikuwa cheupe, cha kwake mwenyewe, na njia yake ilikuwa Ngara mjini, Benako na Rusumo mpakani. Alipakia wafanyabiashara, mawakala wa forodha, wanawake wenye ndizi zao. Alikuwa mtu wa maneno mengi kuhusu mashine na maneno machache kuhusu mengine yote. Ukimuuliza kwa nini injini inachemka, atakaa akueleze mpaka ugali upoe. Ukimuuliza kwa nini hali chakula, atainuka aende kutazama tairi.

Mama aliondoka mwanzoni mwa kiangazi hicho. Baba aliniambia amekwenda kumuuguza bibi, kwao Biharamulo, na alipokuwa akiniambia alikuwa anatazama viatu vyake. Mama alichukua begi moja na vitenge vyake. Masinia aliyaacha ukutani. Mama yake ndiye aliyempa siku alipoagwa kwao kuja kuolewa, na kila Jumamosi aliyasugua kwa majivu mpaka ukijitazama unaona uso wako umetanuka kama boga. Tulikula kwenye sinia moja, sisi watatu, mikono ikigongana. Mama alikuwa na tabia ya kusukuma kipande cha nyama kwa kidole mpaka upande wangu, huku anatazama pembeni kama vile kidole si chake.

Alipoondoka, baba alinunua sahani mbili za plastiki. Kila mtu akawa na yake.

Watu wakisema upweke wanafikiri ni usiku. Mimi wangu ulikuwa wa saa tisa alasiri. Nilitoka shule na ufunguo ukiwa umefungwa kwa kamba shingoni, nikafungua mlango, na nyumba ikanipokea na harufu ya moshi wa asubuhi uliokwisha poa. Niliweka maharage jikoni. Nilimsalimia mbuzi. Nilisema shikamoo kwa sauti pale mlangoni, nikajijibu marahaba, kisha nikaona haya mwenyewe. Baada ya hapo nilikaa kwenye kizingiti kusikiliza magari yanayopanda kilima, na nikawa bingwa kweli: nilijua pikipiki ya katekista, nilijua lori la mchanga, na nilijua mchomoko wa baba kabla haujafika kona, kwa ule mlio wake wa kukohoa kwenye gia ya pili. Ulipokohoa, moyo wangu ulitulia. Jioni ambazo ulichelewa, niliomba rozari haraka haraka kwa kuogopa kwamba hata yeye amekwenda kuuguza mtu.

Jirani yetu alikuwa mama Paskazia, mwanamke mnene mwenye huruma na mdomo. Siku moja nilimuuliza kama mama atarudi. Hakunidanganya wala hakunijibu moja kwa moja. Alinyoosha kidole kupitia mlango wetu uliokuwa wazi, kwenye yale masinia ukutani.

"Vyombo vyake si vile pale?" akasema. "Mwenye vyombo hayuko mbali."

Sasa mtoto akipewa neno kama hilo analichukua lote, na mfupa wake. Mimi sikuelewa alichomaanisha, kwamba kwetu mwanamke akiondoka na kuacha vyombo vyake ameuacha mlango wazi, na kwamba kila mtu mzima pale kijijini alikuwa akiyatazama yale masinia ili kujua habari za ndoa ya baba. Mimi nilielewa kwamba vyombo na mwenyewe wanakwenda pamoja, kama ndama na ng'ombe. Vikisogea, naye atasogea.

Nilianza kumsumbua baba tumfuate mama. Kila jioni swali moja. Naye kila jioni jibu moja: mafuta. Biharamulo ni mbali, si njia yake, hakuna abiria wa kumlipia safari ya kwenda kumwona mkewe, na mafuta ya kutwa yanaishia barabarani. Nilimchukia yule mshale wa mafuta kwenye dashibodi. Niliuona kama ndio unaomzuia mama.

Halafu jioni moja baba akarudi amechangamka. Pale Rusumo, kwenye foleni ya malori, alikuwa ameona lori la mbali ambalo rimu zake zimefunikwa kwa visahani bapa, hakuna tundu hata moja. Alimuuliza dereva kama ni urembo. Dereva akamwambia urembo wapi, hayo ni mafuta. Rimu ikiwa na matundu inazunguka ikiuchota upepo na kuukoroga, na gari linalazimika kuuvuta upepo huo safari nzima. Ukiziba matundu, upepo unateleza pembeni na injini inapumua. Baba alinieleza yote haya akiwa amesimama na koti lake hajalivua. Kesho yake, Jumapili baada ya misa, alinipakia kiti cha mbele, akaniambia nitoe mkono dirishani. Kiganja kikiwa kimelala, upepo ulipita. Nilipokisimamisha, mkono ukarushwa nyuma.

"Umeuona?" akaniuliza. "Huo ndio unaokula mafuta yetu, mwana wanje, mwanangu. Tukiuziba, yatakayobaki ni ya kwenda kwa mama yako."

Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akimtaja mama yangu na safari katika sentensi moja. Nilimwamini kuliko nilivyomwamini padri. Kuanzia siku hiyo upepo ukawa adui yangu wa damu. Nilifunga madirisha. Kwenye rozari nilimwomba Bikira Maria aukomeshe, angalau kutoka Benako mpaka Biharamulo. Kiangazi cha kwetu kina upepo wa vumbi usiojua adabu, na kila ulipotikisa migomba nilijua unakula safari yetu.

Baba aliweka dumu la njano nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alijaza tangi kiasi kile kile, na jioni, kama mshale ulibaki juu ya alama aliyochora kwa wino kwenye kioo chake, alinyonya ziada kwa mpira, akatema, akaimimina kwenye dumu. Akasema likijaa, tunakwenda. Nikawa na kazi mpya saa tisa alasiri. Badala ya kusalimia mlango nilikwenda kulala kifudifudi karibu na lile dumu, nikifungua kizibo kidogo na kunusa. Kichwa kiliniuma lakini sikujali. Ilikuwa harufu ya mama, kwa hesabu zangu.

Vifuniko vya kwanza alivitengeneza kwa plastiki. Alipasua madumu ya mafuta ya kula, akayanyoosha kwa maji ya moto, akachora duara kwa kamba na msumari, akakata kwa kisu alichokuwa akikichoma motoni. Akavifunga kwenye rimu kwa waya wa kufungia nondo. Gari likawa na magurudumu ya njano, na watoto wa Murukulazo walilikimbilia wakicheka. Vilidumu mpaka mteremko wa kushukia Rusumo. Breki zilipopata moto kimoja kikayeyuka kikanata kwenye rimu, kingine kikachomoka na kuruka kuelekea mtoni, na abiria wakadai kushuka kwa sababu ya moshi. Baba alirudi akinuka plastiki iliyoungua. Hakukasirika hata kidogo. Alikaa akila huku anafikiri kwa sauti kwamba inatakiwa bati, lakini bati la nyumba lina mikunjo, inatakiwa kitu bapa, chepesi, cha duara, kisichoogopa moto, chenye nafasi kidogo ukingoni ili breki zipate hewa. Kisha akaacha kutafuna. Alikuwa anatazama ukutani.

Aliyateremsha masinia kesho yake mchana, akalipima moja kwenye gurudumu. Likakaa kama lilizaliwa pale. Mimi nilipiga makofi. Mama Paskazia, aliyekuwa akianua nguo upande wa pili wa uzio, aliacha kuanua.

"Shemeji," akamwita. "Hivyo si vyako."

"Ni upepo, mama Paskazia," baba akamjibu, na akaanza kumweleza habari za lori. Mama Paskazia alimsikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akaingia ndani na nguo nusu zikiwa bado kwenye kamba.

Baba alitoboa matundu manne kwa kila sinia, kwa msumari na nyundo, juu ya gogo. Kila pigo lililia kama kengele ndogo na mimi ndiye niliyeshika ukingo ili lisicheze. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijui niieleze vipi. Vyombo vya mama vilikuwa vinaondoka ukutani kwenda kumchukua mwenyewe. Niliyasugua kwa majivu kama alivyokuwa akifanya, na nilipomaliza nilijiona ndani yake, uso wa boga, nikacheka peke yangu.

Jioni hiyo tulikwenda kujaribu. Kuna mteremko unaoishia kwenye tambarare, na kabla ya masinia baba alikuwa ameshaliachia gari pale likiwa huru, bila gia, akaweka jiwe liliposimama. Sasa akaliachia tena. Tulishuka kimya, upepo ukipiga filimbi, masinia yaking'aa pembeni. Gari likalifikia jiwe, likalipita. Si mbali, labda urefu wa gari lenyewe na kidogo. Leo najua huenda upepo ulitusukuma kwa nyuma. Lakini baba alishuka, akalitazama lile jiwe lililobaki nyuma yetu, akavua kofia, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Nilifikiri ni vumbi.

Dumu likaanza kujaa. Polepole, lakini likajaa. Jumamosi moja baba alinyoa ndevu, akavaa shati la misa, akalimimina lote kwenye tangi, na tukaenda Biharamulo. Nilikaa mbele. Njia nzima ya porini sikutazama miti wala nyani, nilitazama mshale, na mshale ulikuwa mtulivu. Nilipanga kichwani jinsi mama atakavyoyaona masinia yake yanang'aa na atakavyocheka. Nilipanga na kiti: mimi nihamie nyuma, yeye akae mbele.

Mama alikuwa uani kwao anapukuchua maharage. Bibi alikuwa pembeni, mzima kabisa, anachambua mboga, na hata sikujiuliza mgonjwa yuko wapi. Mama alinishika akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Alinuka moshi na sabuni ya mche. Halafu nikasikia mikono yake inalegea mgongoni kwangu. Alikuwa ameliona gari.

Aliniacha, akalizunguka. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne aliinama, akapitisha kidole kwenye waya uliopita ndani ya tundu.

"Umeyatoboa," akasema.

Baba akaanza kueleza. Alieleza lori la Rusumo, akaeleza mkono dirishani, plastiki iliyoyeyuka, jiwe la mteremkoni, dumu. Sijawahi kumsikia akieleza kitu vizuri hivyo. Mama alimsikiliza akiwa amesimama wima, mikono chini.

"Kwa hiyo jikoni kwangu mmeshafunga," akasema mama.

Hapo palikuwa pa kusema neno moja. Nami sasa ni mtu mzima, nimeshaolewa, najua neno lenyewe lilikuwa lipi na najua linavyokwama kooni. Baba alilamba midomo, akamtazama bibi, akanitazama mimi, akalitazama gari.

"Mafuta yanabaki mengi, kweli," akasema.

Tulipewa chakula, kwa heshima, kila mtu sahani yake. Mama aliniambia nikitaka nibaki, shule zipo hata huku. Nilitaka kubaki. Lakini nilipotazama nje nilimwona baba amechuchumaa peke yake kando ya gari, anafuta vumbi la safari kwenye sinia kwa mkono wa shati lake la misa. Nikaenda nikapanda. Kiti cha nyuma, kama nilivyopanga. Cha mbele kikarudi kitupu mpaka Murukulazo.

Kesho yake baba alifungua nyaya, akayaosha masinia kwa majivu, akayarudisha ukutani kwenye misumari yake. Dumu akampa mama Paskazia la kuchotea maji. Hatukuzungumza tena habari za upepo, na mama hakurudi. Likizo nilikwenda kwake kwa basi.

Nilikuwa sekondari shangazi aliponieleza kilichotokea kabla ya kiangazi kile. Alfajiri moja, ile niliyoamshwa nikapelekwa kwa mama Paskazia nikakaa huko siku kadhaa bila kuambiwa sababu, uchungu ulimshika mama kabla ya wakati. Baba akampakia wakimbilie hospitali. Gari likazima njiani, tangi kavu. Ndugu yangu wa kiume alizaliwa mle ndani ya mchomoko na hakulia. Shangazi alisema mama hakumchukia mumewe kwa ajili ya mafuta, hilo lingempata yeyote. Kilichomshinda ni kwamba walipotoka kuzika, watu wakiwa wamekaa, baba alikwenda kulifungua gari kutafuta mafuta yalikopotelea, akakaa huko kutwa, kesho yake hivyo hivyo, na hakuja kukaa naye.

Mama alikuja matangani. Alikaa kwenye mkeka peke yake, kwa sababu ndugu za baba hawakujua wamsalimie kama mjane au kama mgeni. Mimi ndiye niliyempelekea lile sinia nililokwenda nalo nyuma ya nyumba, nikiwa nimelipakulia ndizi na vipande vya nyama. Nikakaa. Mchuzi ulikuwa umeshaanza kudondoka kwenye mkeka. Alilitazama.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba lile dumu lilikuwa la kumfuata yeye, kwamba gari lilipolipita jiwe baba alilia, na kwamba tangu ile alfajiri hakutaka kamwe mafuta yamwishie tena. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa pole yake.

"Alinieleza upepo," mama akasema.

"Hakujua kueleza kingine."

Akatikisa kichwa taratibu. Mikono yake imezeeka, vidole vimepinda kidogo.

"Angesema," akasema. "Ningerudi na matundu yake hivyo hivyo."

Kisha alinawa. Akaweka kidole gumba cha mkono wa kushoto juu ya tundu lililokuwa upande wake, akakibana pale, mchuzi ukaacha kudondoka. Tukaanza kula. Sikuona ni saa ngapi mkono wake wa kulia ulifika katikati, lakini nilipotazama chini kipande cha nyama kilikuwa upande wangu, na mama alikuwa anatazama pembeni.